Kijani cha Pamba

Mwaka ule pamba ilipendeza. Ukisimama barabarani Ipililo unaona majani mabichi pande zote. Mgeni angesema watu hawa wana neema. Pamba haipikwi ugali, lakini mgeni atajuaje?

Shigela alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwenye moyo wa kusaidia. Alipenda kusifiwa pia, tusifiche. Tangu soko huria liingie, wanunuzi binafsi walikuwa wanakuja na malori mpaka kijijini. Zamani tulikuwa na mnunuzi mmoja tu, na malipo tuliyasubiri mpaka tukachoka. Sasa wanunuzi walikuwa wanagombania pamba. Basi Shigela akaitisha mkutano.

"Jamani, limeni pamba," alisema. "Chakula tutanunua."

Yeye mwenyewe akaligeuza shamba lake la mtama kuwa shamba la pamba. Watu wakamfuata. Mahindi walipanda kidogo tu, ya kubabaishia.

Mvua za mwanzo zilinyesha vizuri, kisha zikakatika. Jua likawaka wakati mahindi yanatoa mbelewele. Yakakauka yakiwa yamesimama. Mvua iliporudi, mahindi yalikuwa yamekwisha kufa, lakini pamba ilikuwa imevumilia. Ikachangamka. Nyasi nazo zikaota. Ndiyo maana kila mahali palikuwa kijani.

Asubuhi moja Milembe, mke wa Shigela, alikuwa anachambua michembe uani. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Ndiyo akiba ya mwisho katika nyumba nyingi za kwetu.

"Baba Method, gunia hili linaisha," alisema.

"Nimesikia."

"Hata wiki iliyopita ulisikia."

Shigela akageuka, maana gari lilikuwa linaingia uani. Lilikuwa gari la serikali, limejaa vumbi. Kijana mmoja akashuka na karatasi kubwa iliyokunjwa.

"Shikamoo, mwenyekiti. Naitwa Januarius. Natoka wizarani, idara ya kilimo. Tunapita kuangalia hali ya mazao."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Januarius akaikunjua ile karatasi juu ya meza. Ilikuwa na madoa ya rangi: kijani, njano, kahawia.

"Hii ni picha ya wilaya yenu," alisema. "Imepigwa na setilaiti."

"Setilaiti ndiyo nini?"

"Ni mtambo unaozunguka dunia, juu sana kupita mawingu. Unapiga picha na kuzituma chini."

Shigela akaitazama picha kwa wasiwasi. Aliwaza kodi ya mifugo. "Inaona na ng'ombe?"

Januarius akacheka. "Haioni ng'ombe, mwenyekiti. Hata nyumba yako haiioni. Doa moja hapa ni kubwa kuliko kitongoji chako. Inaonyesha tu wapi kuna majani mabichi na wapi pamekauka. Kwenu naona kijani kimekolea. Je, hali ya chakula ikoje?"

"Mhola," Shigela akajibu.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa ajili ya msomaji asiye wa kwetu. Mhola maana yake ni salama. Msukuma ukimuuliza habari, atakujibu mhola kwanza. Hata kama ana mgonjwa ndani, atasema mhola. Akishasema hivyo ndipo anaongeza: ila mtoto anaumwa, ila ng'ombe wameibwa. Habari yenyewe iko kwenye "ila". Sisi tumezoea kuisubiri. Januarius alikuwa mtu wa Songea, na neno mhola alifundishwa na dereva njiani. Hakujua kusubiri. Akaandika kwamba hali ni nzuri.

Shigela alikuwa na nafasi ya kusema "ila". Alifungua mdomo kabisa. Halafu akakumbuka mkutano wake, na sauti yake mwenyewe ikisema chakula tutanunua. Akanyamaza.

"Naomba nione shamba la mahindi," Januarius alisema.

Shigela akampeleka bondeni, karibu na mto. Pale ardhi inashika maji, na kipande kidogo cha mahindi kilikuwa kimepona. Mahindi yalikuwa mazuri kweli.

"Na mashamba mengine?"

"Ni hivyohivyo."

Hayakuwa hivyohivyo. Nyuma ya kilima, mahindi yote yalikuwa makavu mpaka mizizi. Januarius alikuwa na vijiji vingine vya kufika kabla ya jua kuzama. Akashukuru, akapanda gari, akaenda zake.

Milembe alikuwa ameyaona yote. Gari lilipotoweka akamwuliza mumewe, "Mbona umempeleka bondeni?"

"Ulitaka nimwonyeshe aibu yetu?"

"Ndiyo aliyokuja kuiangalia."

"Mama Method, wewe hujui mambo ya wageni."

Milembe akarudi kwenye michembe yake. Na yeye alikuwa na lake la kujutia, maana alimkaribisha yule kijana maji ya kunywa, akasimama mbele yake na kikombe mkononi, na hakusema neno.

Jirani yao wa karibu alikuwa Nyanjige, shangazi yake Shigela. Ni mama mzee, mjane. Alikuwa anaishi na mjukuu wake Nyamizi, msichana wa darasa la sita, ambaye wazazi wake walikwisha kufariki. Kila jioni Nyanjige alisikika akitwanga. Shigela akipita njiani anausikia mchi, tu, tu, tu.

"Shangazi anatwanga," alijiambia. "Basi ana akiba."

Maneno hayo yalimpa usingizi kwa wiki kadhaa. Kisha jioni moja Milembe akaenda kwa Nyanjige kuazima ungo. Akaingia uani bila kubisha hodi, kama walivyozoea. Nyanjige alikuwa anatwanga magunzi. Si mahindi. Magunzi matupu, yasiyo na punje hata moja.

"Mayu, mama yangu, unafanya nini?" Milembe aliuliza.

Nyanjige akaufunika mdomo wa kinu kwa mkono wake. "Watu wasikie kwamba napika," alisema. "Nitamwambia nani kwamba sina? Nilikuwa uani kwangu nikamsikia mwenyekiti mwenyewe akimwambia yule mgeni kwamba ni mhola."

Milembe alirudi nyumbani bila ungo. Alimweleza mumewe yote, neno kwa neno. Shigela alisukuma sahani pembeni. Asubuhi yake akaenda kwa shangazi na debe la michembe. Akakuta Nyamizi hayupo.

"Nimempeleka Bariadi kwa Mashimba, mdogo wangu," Nyanjige alisema. "Atasaidia kazi za nyumbani. Huko atakula."

"Na shule?"

"Shule inapikwa?"

Shigela aliliweka debe chini. Akaaga.

Haikupita muda, afisa mtendaji wa kata akaita watu. Akasoma majina ya vijiji vitakavyopewa mahindi ya serikali. Vya jirani vilikuwemo. Chao hakikuwemo.

"Sisi je?" mama mmoja aliuliza.

"Taarifa ya wilaya inasema huku chakula kipo."

"Nani amesema kipo?"

Mtendaji hakujua. Watu wakaanza kunong'ona. Shigela alikuwa amekaa mbele, anaangalia makatambuga yake miguuni. Ndipo mzee mmoja akasimama akasema, "Tusiwe na hofu. Tunaye mwenyekiti wetu. Shigela atakwenda Nyalikungu wilayani kututetea. Huyu haogopi wakubwa."

Watu wakapiga makofi. Wakampigia yeye makofi, yule yule. Shigela alisema baadaye kwamba afadhali wangempiga mawe.

Siku hiyo hiyo akamfuata Martha, bibi shamba wa kata. Martha alikuwa kwenye likizo ya uzazi wakati gari la wizara lilipopita, na sasa alikuwa amerudi kazini. Alikuwa mzaliwa wa Maswa, mama asiyezunguka maneno.

"Mwangaluka, bibi shamba."

"Mwangaluka, mwenyekiti. Kaa."

Shigela akakaa, akazungusha kofia yake mikononi. Kisha akaeleza. Alianzia kwa malori ya pamba, akapita kwenye mvua, akakawia kwenye jua. Martha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwenyekiti, hapo unapozunguka sipataki," alisema. "Wewe ulimwambia nini yule kijana?"

"Nilimwambia mhola."

"Na shamba ulilomwonyesha?"

"La bondeni."

Martha alivuta pumzi. "Mimi sina la kukutukana, wewe ni mkubwa wangu. Ila nataka uelewe ulichokivunja. Ile picha ya angani unajua ni ya nini?"

"Walisema inaonyesha majani."

"Ndiyo. Majani tu. Haijui kama ni mahindi, pamba au nyasi za mbuzi. Yote kwake ni kijani. Na wingu likikaa katikati, hapo haioni kitu. Sasa sikiliza. Zamani kila ofisi ilikuwa na yake. Watu wa hali ya hewa wanaangalia mawingu yao, wanafungia kabatini. Watu wa maji wanaangalia mito na malambo yao. Sisi wa kilimo tuna yetu, watu wa misitu wana yao. Serikali moja, lakini huyu hajui mwenzake anaona nini. Njaa ikiingia, kila mmoja anasema alikuwa na habari nusu."

"Sasa je?"

"Sasa wameambiwa wakae meza moja. Picha ni ya wote. Mvua iliyopimwa inaletwa, maji ya mito yanaletwa, bei za sokoni zinaletwa. Halafu kinaletwa kitu kimoja ambacho hakitoki angani wala ofisini. Unakijua?"

Shigela akatikisa kichwa.

"Neno la aliye shambani. Wewe. Picha inasema hapa pana kijani, mtu wa shambani anasema hicho kijani ni nini. Ukisema uongo hapo, wataalamu wote pale mezani wanapotea pamoja."

"Nilidhani wanatafuta kodi."

"Usisingizie kodi. Kama ni kodi ungemwonyesha shamba baya."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Shigela aliinamisha kichwa. "Niliona aibu, bibi shamba. Mimi ndiye niliyewaambia watu waache mtama."

"Najua. Kesho kutwa wale wa meza moja wanakutana Nyalikungu. Twende ukaseme."

"Huwezi kunisemea wewe?"

"Siwezi. Neno langu si la shambani kwako."

Walikwenda. Ukumbi ulikuwa na watu wa hali ya hewa, wa maji, wa kilimo na wa misitu. Ile picha ilikuwa imebandikwa ukutani, na Januarius alikuwa mbele yake. Alipomwona Shigela alitabasamu. Martha aliomba nafasi. Shigela akasimama. Alikuwa amezoea kuhutubia, lakini sauti yake ilitoka ndogo.

"Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji kimoja cha Ipililo," alisema. "Huyu kijana aliniuliza habari ya chakula. Nilimwambia mhola. Hatuna chakula. Mahindi yalikauka. Nilimpeleka kwenye kipande kimoja kilichopona, nikasema yote ni hivyohivyo. Kile kijani mnachokiona ni pamba na nyasi. Nilidanganya, na watu wangu wana njaa."

Hakuna aliyecheka. Mtu wa hali ya hewa akafunua karatasi zake. "Hata sisi tulishangaa," alisema. "Mvua iliyopimwa Maswa inaonyesha jua kali katikati ya msimu. Tukasema pengine Ipililo walibahatika."

Januarius alikuwa ameacha kutabasamu. "Kosa si lake peke yake," alisema, na masikio yake yalikuwa yameiva. "Mimi sikupanda kile kilima. Nilitaka kumaliza ratiba. Nilikuwa na picha mkononi, nikaona inatosha."

"Basi wote wawili mtapanda kilima," Martha alisema.

Walikipanda kesho yake. Milembe alikwenda nao, na safari hii yeye ndiye aliyetangulia. Aliwaonyesha mashamba makavu moja baada ya jingine, na mwenye shamba akiitwa aseme mwenyewe. Januarius alishika bua la mahindi likavunjika mkononi. Akaandika: hapa pamba, hapa nyasi, hapa mahindi yamekufa. Walipofika kwa Nyanjige, Januarius aliuliza, "Bibi, hali ya chakula?"

"Mhola," Nyanjige alisema.

Januarius akaiweka kalamu chini, akakaa kwenye kigoda, akasubiri.

"Ila sina kitu," Nyanjige alisema.

Taarifa ikarekebishwa. Mahindi ya serikali yalifika kabla mwezi haujaandama. Siku ya kugawa, watu walimshangilia Shigela. Mzee yule yule alimshika mkono na kuuinua juu. "Si nilisema? Ametutetea."

Shigela akauteremsha mkono wake. "Subirini," alisema. "Mliuliza nani alisema chakula kipo. Ni mimi."

Akawaeleza. Wengine walimzomea. Mama mmoja alimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mzee yule aliondoka bila kumuaga. Wapo waliotaka avuliwe uenyekiti, na kwa kweli mwaka uliofuata hawakumchagua. Shigela alipanga foleni kama wengine, akiwa wa mwisho, akabeba gunia lake mbele ya macho yao yote.

Mambo mengi yamebadilika tangu siku ile. Shuleni pamewekwa kipima mvua, na mwalimu anapeleka vipimo kwa Martha. Kitongoji kilichagua wanawake wawili na wanaume wawili wa kueleza hali ya mashamba, na Milembe ni mmoja wao. Hawamtegemei mtu mmoja tena. Msimu uliofuata, ofisi ziliona mapema kwamba mvua zinasuasua. Habari ikafika kwa Martha, Martha akaileta kwetu. Watu wakapanda mtama mapema, pamba wakaipunguza kidogo. Mvua ilikuwa haba kweli, lakini mtama uliiva. Pamba nayo ilipatikana ya kuuza. Si lazima uache pamba. Ila lazima ujue mvua inasemaje, na wewe useme shamba lako likoje.

Nimekimbilia mbele, kumbe Nyamizi bado yuko Bariadi. Turudi kwake.

Siku ya mgao, jioni, Nyanjige alimwita Shigela. Hakumlaumu. Alisema tu, "Kaniletee mtoto."

Shigela akaondoka alfajiri kwa baiskeli. Alifika Bariadi jua limekwenda. Mashimba alimpokea vizuri, akamkalisha sebuleni. Nyamizi alileta maji ya kunawa. Alikuwa amepungua maneno, na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kufua.

"Tumesikia mmepata chakula," Mashimba alisema. "Mbona nyinyi mlichelewa hivyo? Wenzenu walipata zamani."

Shigela alimtazama Nyamizi aliyekuwa amesimama na birika. Angeweza kusema ni wakubwa wa wilaya. Angeaminika kabisa.

"Mimi ndiye niliyechelewesha," alisema. "Nilidanganya kwamba tunacho."

Mashimba akamwambia Nyamizi akafunge mizigo yake, maana wataondoka asubuhi.

Njiani Nyamizi alikaa nyuma ya baiskeli, amekumbatia kifurushi chake. Walipita mashamba, wakapita daraja. Shigela alikanyaga tu. Alijua swali linakuja, na aliliogopa kuliko ule ukumbi wa Nyalikungu.

"Baba mdogo," Nyamizi alisema mwishowe.

"Naam."

"Kwa nini ulidanganya?"

"Niliona aibu, mwanangu."

"Aibu ya nini?"

"Ya watu kujua kwamba hatuna chakula."

Nyamizi alifikiri kidogo.

"Lakini tulikuwa hatuna," alisema.

"Ndiyo," Shigela alisema. "Tulikuwa hatuna."